FiiO CP13 na boksi la kanda za zamani: inafaa nini, haifai nini

Tuanze na hukumu, maana kifaa hiki kilitoka kwa bei ya karibu dola 100 za Marekani kabla ya usafiri na ushuru, na hizo si hela za kuchezea. Kama nyumbani kuna boksi la kanda zenye sauti ambazo hazipo pengine popote, yaani harusi, mawaidha ya Ramadhani, taarab iliyorekodiwa ukumbini, salamu za jamaa aliyekuwa Muscat, basi CP13 ya kampuni ya FiiO ya China ni mojawapo ya mashine mpya chache za mkononi za kuchezea kaseti zinazostahili kuguswa. Kama unaitaka ikae mezani ipigwe picha pamoja na kikombe cha kahawa, okoa pesa. Redio kaseti mbovu itapendeza vilevile.

Kaseti zimerudi, ndiyo, ila tusidanganyane kuhusu ukubwa wa kurudi kwenyewe. Uingereza mwaka 2022 ziliuzwa kanda karibu 195,000, idadi kubwa kuliko mwaka wowote tangu 2003. Mwaka 1989 nchi hiyohiyo ilinunua kanda milioni 83. Wanaonunua sasa wengi ni vijana wanaotaka kitu cha kushika mkononi chenye jina la msanii wao, na wengine hawana hata pa kukichezea. Sony yenyewe iliacha kutengeneza Walkman za kaseti kwa ajili ya soko la Japani mwaka 2010. Viwanda vilivyokuwa vinachonga hedi nzuri (kile kichwa kinachosoma utepe), mota tulivu na magurudumu mazito vilifunga au vikahamia kwingine, ndiyo maana mashine nyingi mpya utakazokuta mtandaoni, zile za dola 20 au 25 zenye waya wa USB, ni plastiki ndani na nje. Sauti inayumba, mota inavuma ndani ya muziki, na nyingine hedi yake ni ya mono, yaani njia moja tu ya sauti, ingawa boksi limeandikwa stereo.

CP13 haikufufua ufundi wote ule, lakini mahali pamoja haikufanya ubahili, napo ndipo panapohusika zaidi.

Gurudumu

Fungua mashine yoyote ya kaseti utakuta mota ndogo, mpira unaozungushwa na mota hiyo, na gurudumu ambalo mhimili wake ndio kile kijiti chembamba cha chuma kinachoubana utepe dhidi ya kigurudumu cha raba na kuuvuta. Mafundi hukiita kapstani. Mota haizunguki kwa ulaini, inasukuma kwa mapigo madogomadogo. Kazi ya gurudumu ni kuyameza mapigo hayo kwa uzito wake, kama jiwe la kusagia ambalo ukishalizungusha halishtuki kwa kila punje. Gurudumu likiwa la plastiki nyepesi, mapigo yanafika moja kwa moja kwenye utepe na wewe unayasikia.

Kasoro hii ina sura mbili. Kuna kuyumba, ambako noti ndefu inapanda na kushuka polepole kama mtu aliyelewa, na kuna kutetemeka, ambako sauti inakuwa na mkwaruzo wa haraka kana kwamba mwimbaji anaimba ndani ya feni. Ngoma na rapu huficha yote mawili. Anayefichua ni ala kama kanuni, piano, nai, na fidla inayoshikilia noti moja. Ukitaka kuijaribu mashine, usiichezee dansi lenye magitaa matatu yanayokimbizana. Ichezee taksimu, yaani upigaji huru, ya udi au mwanzo wa wimbo wa taarab kabla midundo haijaingia. Hapo hakuna pa kujificha.

FiiO wameweka gurudumu la shaba la kipenyo cha milimita 30.4, na mota yake inalishwa umeme wa volti 4.2 badala ya ule mdogo wa mashine za betri moja. Matokeo yanasikika. Noti ndefu zinakaa mahali pake vizuri kuliko kwenye mashine yoyote ya dola 25. Haifikii Walkman za kitaalamu za zamani, mfano WM-D6C ya mwaka 1984 iliyodhibiti mwendo kwa fuwele ya kwatzi, lakini kwa kitu kipya chenye dhamana inatosha kusikiliza bila kukunja uso.

Gurudumu zito lina gharama yake. Ukitembea nayo huku inaning'inia na kupinduka, mwili wa mashine unageuka lakini gurudumu linang'ang'ania mwendo wake, na tofauti hiyo hugeuka kuwa myumbo. Ndani ya daladala ukiwa umekaa, sawa. Kwenye bodaboda, sahau.

Mambo mengine ya umbo ni mepesi kuyamaliza. Ni kubwa: milimita 120 kwa 88 kwa 32 hivi, gramu 310, haiingii mfuko wa shati. Betri imejengwa ndani, inachajiwa kwa USB-C, na kiwanda kinaahidi saa 13. Tundu la hedifoni ni lile la milimita 3.5. Haina Bluetooth, hairekodi, haigeuzi upande yenyewe, haina redio, haina Dolby (mfumo wa kupunguza mchakacho wa utepe), wala haina swichi ya kuchagua aina ya kanda. Wapo watakaoona orodha hiyo ni umaskini. Kwa kweli kila kimoja kilichoachwa ni kitu ambacho kingekuwa kibovu kwa bei hii. Kugeuza upande kwenyewe, kwa mfano, kunadai hedi izunguke au isogee kila mara, na hedi inayosogea haikai sawa.

Linaloumiza kweli ni kukosekana kwa swichi ya aina ya kanda. Kanda za kawaida za feri, yaani za oksidi ya chuma, husomwa kwa mizani ya sauti za juu iitwayo mikrosekunde 120, za kromu kwa 70. Kanda ya kromu ikichezwa kwenye mashine ya 120 tupu, sauti za juu huzidi kwa takriban desibeli 4 hadi 5, na mchakacho wa utepe unapanda nazo. Utaitambua kanda ya kromu kwa matundu ya ziada mgongoni, jirani na vile vijipande vya kuzuia kurekodi. Habari njema ni kwamba boksi la kawaida la Mombasa, Unguja au Dar limejaa kanda za feri, maana ndizo zilizokuwa za bei nafuu. Na Dolby nayo haitakusumbua sana: kanda zilizorekodiwa kwa redio kaseti ya sebuleni hazikuwa nayo. Itakusumbua kwenye kanda za kiwandani za Ulaya na Marekani zenye alama ya D mbili zilizogeukiana. Hizo zitasikika kali na zenye mchakacho kuliko ilivyokusudiwa.

Hedi, na kwa nini kanda yako inasikika kama imefunikwa blanketi

Hapa ndipo watu wengi hutupa kanda nzima wakidhani imekufa.

Utepe wa kaseti una upana wa milimita 3.81 na hupita kwenye hedi kwa sentimita 4.76 kwa sekunde. Mwendo huo ni wa polepole mno, kwa hiyo wimbi la sauti ya hezi 10,000 linaandikwa kwenye urefu wa mikromita 4.76 tu. Mwanya wa hedi lazima usimame wima kabisa dhidi ya utepe. Ukiinama hata kidogo, upande wa juu wa mwanya unasoma sehemu moja ya wimbi na upande wa chini sehemu nyingine, na hizo mbili zinafutana. Mwinamo huo huitwa azimuthi. Njia ya mono ina upana wa milimita 1.5, na hesabu yake inatisha: mwinamo wa nyuzi 0.18, ambao jicho haliuoni, unatosha kuimaliza kabisa sauti ya hezi 10,000. Herufi S na SH zinapotea, matari yanakuwa kama maboksi ya karatasi, na mhadhiri anasikika kama anaongea akiwa chumba cha pili.

Sasa fikiria redio kaseti iliyoirekodi kanda yako mwaka 1985. Ilianguka mara ngapi? Fundi aliikaza skrubu mara ngapi? Ilirekodi kwa mwinamo wake yenyewe, na ilipoicheza kanda ileile ikasikika safi kwa sababu mwinamo ulikuwa uleule. CP13 ikitoka kiwandani imewekwa karibu na kipimo cha kawaida, kwa hiyo kanda za kiwandani zitasikika vyema na ile ya nyumbani itasikika imezibwa. Mashine ni nzima na kanda ni nzima. Hazijakubaliana tu.

Marekebisho yanahitaji bisibisi ndogo ya nyota isiyo na sumaku. Kwenye mashine za namna hii hedi hushikwa na skrubu mbili, na moja kati yake ina springi au bati la kunesa chini yake. Hiyo ndiyo ya azimuthi. Nyingine usiiguse. Kabla ya chochote, tia alama kwa wino kuonyesha kichwa cha skrubu kilikuwa kinaelekea wapi, ili uweze kurudi. Cheza sehemu yenye maneno mengi au matari, sikiliza pande zote mbili za sauti, kulia na kushoto, zikiwa zimechanganywa kuwa mono, kisha geuza skrubu kidogo mno, chini ya robo ya mzunguko. Kama huifikii skrubu huku kanda inazunguka, simamisha, geuza, cheza tena. Inachosha lakini inafika. Kuna nukta moja ambapo S zinafunguka ghafla kama pazia limevutwa. Ukiipita, sauti inafunga tena. Rudi hapo, acha.

Sababu ya kusikiliza kwa mono ni kwamba mono haina huruma. Katika stereo kila njia ina upana wa milimita 0.6 tu, kwa hiyo kosa dogo haliisumbui sana, lakini ukizijumlisha mbili kosa hilo linaonekana wazi. Na kuna hila inayotokana na jambo hilohilo: ikiwa hutaki kabisa kugusa skrubu, rekodi kanda ya mono kwa stereo, kisha tupa upande mmoja na ubaki na ule unaosikika safi zaidi. Usizijumlishe. Watu huharibu kanda nzuri kwa kubonyeza mono kwenye kompyuta wakidhani wanasafisha.

Ukimaliza kanda za redio ile moja, rudisha skrubu kwenye alama, la sivyo kanda zako za kiwandani ndizo zitakazoziba. Na kumbuka kwamba kuchokoa ndani kunaweza kukufutia dhamana, kwa hiyo kwanza ipige mashine majaribio yatakayoelezwa mwisho.

Usafi ni nusu ya mambo haya. Kanda za zamani hupukutisha unga wa kahawia, na unga huo ukikaa kwenye hedi unaunyanyua utepe. Mikromita moja au mbili za uchafu zinatosha kuua sauti za juu, kama hesabu ya hapo juu inavyoonyesha. Chukua kijiti cha pamba, kilowanishe kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, sugua hedi, kapstani, kisha raba huku ukiizungusha, mpaka pamba itoke nyeupe. Subiri dakika 5. Spiriti ya vidonda ya duka la dawa si mbadala mzuri: mara nyingi ni asilimia 70 na iliyobaki ni maji, na nyingine hutiwa mafuta ili isikaushe ngozi. Mafuta kwenye kapstani maana yake utepe unateleza, na utepe ukiteleza ndipo mashine inapokula kanda. Kwa kanda mpya safisha kila baada ya saa 20 hivi. Kwa boksi la zamani, safisha kila baada ya kanda mbili, na ukikuta pamba imekuwa kama imechovywa kwenye kakao, kila baada ya upande mmoja.

Kabla hujaingiza kanda

CP13 haina nguvu za kupambana na kanda iliyogoma, na hakuna mashine ya mkononi iliyo nazo. Kanda iliyokaa miaka 20 imejishika yenyewe kwa yenyewe. Ingiza kalamu ya Bic, ile ya pembe sita inayoingia sawasawa kwenye meno sita ya kitovu, uizungushe kwa mkono mizunguko 10 kila upande. Ikiwa nzito, igonge kwa upole bapa kwa bapa kiganjani ili utepe ushuke ulale sawa, kisha ijaribu tena. Ikiendelea kugoma, tatizo ni ganda: limepinda kwa joto la dashibodi, au zile karatasi laini za ndani zimekunjamana.

Ganda lenye skrubu tano linafunguka bila vita. Weka kanda bapa mezani, upande wa skrubu juu, ukaze kidole wakati unanyanyua nusu ya juu, maana vile vigurudumu viwili vya pembeni hupenda kuruka. Hamisha utepe na vitovu vyake kwenye ganda la kanda mpya ya bei rahisi, hakikisha utepe umepita mbele ya kijispongi na ndani ya vijiti vyote, funga. Maganda yaliyogundishwa bila skrubu hupasuliwa kwa kisu chembamba kwenye mshono, ukianzia upande usio na utepe.

Kijispongi hicho kilicho juu ya bati la shaba katikati ya mdomo wa kanda ndicho kinachousukuma utepe uguse hedi. Gundi yake hukauka kikadondoka, na watu wengi hawajui hata kwamba kilikuwepo. Dalili yake: sauti inakuja na kuondoka, sauti za juu hakuna, ukibonyeza utepe kwa kijiti inarudi. Toa kijispongi kwenye kanda ya mawaidha ya bure uliyogawiwa sokoni, mhubiri atasamehe, ukibandike kwa tone dogo la gundi ya raba.

Utepe uliokatika uunge kwa utepe maalumu wa kuungia, ncha mbili zikiwa zimekatwa mshazari na kulala bila kupandana, na kiraka kiwe upande wa nyuma, yaani upande usiogusa hedi. Seloteipu ya dukani inafaa kwa kitu kimoja tu, kuziba matundu ya juu ukitaka kurekodi tena. Ukiungia utepe, gundi yake itatoka pembeni kwa joto la pwani na kugandisha mizunguko inayofuata.

Ukungu ni habari nyingine. Ukiona unga au nyuzi nyeupe kwenye kingo za utepe kupitia dirisha la kanda, usiingize kwenye mashine hata kwa sekunde. Ukungu utahamia kwenye raba na kutoka hapo kwenda kanda zote. Tenga kanda hiyo kwenye mfuko uliofungwa, na ukiifungua vaa barakoa. Pwani yetu yenye unyevu hii ndiyo sababu kubwa ya vifo vya kanda, kuliko panya na watoto.

Angalia pia urefu. Kanda ya dakika 60 ina utepe wa karibu mita 86 wenye unene wa mikromita 18 hivi. Ya dakika 90 ni mikromita 12, na ya 120 ni 9 tu, nyembamba kiasi kwamba inavutika kama uzi wa ubani wa kutafuna. Dakika 120 ichezwe mara moja, irekodiwe, ipumzishwe. Usiipeleke mbele na nyuma kutafuta wimbo.

Kuhamishia kwenye kompyuta

Kosa la kwanza ni kuchomeka waya kutoka CP13 hadi tundu la hedifoni la laptopu. Tundu hilo kwenye laptopu nyingi linapokea maikrofoni ya mono tu, lenye ukuzaji mkubwa, na utapata sauti iliyopasuka. Nunua kadi ya sauti ya USB yenye ingizo la laini (line in) la stereo. Behringer UCA202 ni ndogo, haitaki draiva za ajabu, inachukua biti 16 kwa hezi 48,000, na kwa kaseti hiyo inazidi mahitaji. Waya wake ni milimita 3.5 upande mmoja na RCA mbili, nyekundu na nyeupe, upande wa pili.

CP13 haina tundu la laini, kwa hiyo sauti inatoka kwa hedifoni na kitufe cha sauti ndicho kipimo chako. Anza chini. Tafuta sehemu yenye kelele kubwa kuliko zote kwenye kanda, kwa kawaida ni vigelegele au mtu aliyekaribia maikrofoni kupita kiasi, na upandishe mpaka kilele kwenye programu ya kurekodia ya Audacity kifike desibeli 6 chini ya mwisho. Usikiguse tena mpaka upande uishe. Chaji ichomolewe wakati wa kurekodi, maana chaja za simu za bei poa hupenyeza mvumo kwenye njia ya sauti. Rekodi kwa WAV: saa moja kwa kipimo hicho ni takriban megabaiti 690. Ukimaliza hifadhi kwa FLAC, faili lililobanwa, itakuwa karibu nusu, na haipotezi kitu. MP3 ni ya kutuma WhatsApp, siyo ya kuhifadhia.

Usikimbilie kitufe cha kuondoa mchakacho. Kikitumiwa kwa pupa, kinachukua na pumzi za mwimbaji na ukumbi wenyewe, kinakuachia sauti ya chini ya maji. Weka nakala ghafi, cheza na nakala nyingine.

Mwendo pia hurekebishwa hapa, kwa sababu CP13 haina kitufe cha kasi. Kanda iliyorekodiwa wakati betri za redio zinakufa ilirekodiwa polepole, kwa hiyo ukiicheza kwa mwendo sahihi sauti inakuwa ya juu na ya haraka, tena inazidi kadiri kanda inavyoendelea. Nusu toni ya muziki ni takriban asilimia 6. Ukiwa na udi au kinanda unaweza kutafuta ufunguo wa wimbo na kubadilisha kasi kwa asilimia mpaka ukubaliane. Badilisha kasi, siyo kimo (ujuu wa noti) peke yake, maana ukibadilisha kimo pekee tempo inabaki na kosa.

Vingine vya kufikiria kwa hela hizo

We Are Rewind ya Ufaransa ina gamba la aluminiamu, Bluetooth na uwezo wa kurekodi, kwa karibu euro 150. Ni nzito zaidi, gramu 404. Bluetooth kwenye kaseti ni raha ya sebuleni lakini haina faida ukiwa unaokoa kanda. Ukitaka kurekodi kanda mpya ukiwa njiani ndiyo hiyo. Kanda tupu mpya za feri bado zipo: Maxell UR, na zile za Recording the Masters za Ufaransa. Kromu unazoziona mtandaoni kwa kawaida ni akiba ya miaka ya zamani, na bei zake ni za wakusanyaji.

Teac W-1200 ni dekki ya mezani ya kanda mbili, ina utoaji wa USB, kitufe cha kubadilisha kasi na kipunguza mchakacho kinachoendana na Dolby B. Kituo cha redio, msikiti, au chama cha taarab chenye kanda 300 kisipoteze muda na kifaa cha mkononi. Kinunue hiyo, au dekki nzuri ya zamani iliyofanyiwa matengenezo.

Walkman ya mtumba? Inaweza kuishinda CP13 kwa sauti, ila neno ni matengenezo. Mipira ya miaka 30 huwa imelegea au imeyeyuka kuwa lami nyeusi inayonata kila inapogusa. Fundi wa Kariakoo au Luthuli Avenue anaweza kuisafisha kwa isopropili na kuweka mpira mpya, lakini mpira wa kipimo cha kubahatisha ndio unaozaa malalamiko: ukikaza mno, mhimili wa mota unakwangua na sauti inatetemeka, ukilegea, kanda inakwama ikikaribia mwisho, wakati kitovu cha kupokea kimejaa na kinadai nguvu zaidi. Mpira wa gurudumu mara nyingi ni bapa, na wa mraba mara nyingi ni wa kuvutia vitovu na kaunta. Muuzaji akikuambia zote sawa, ondoka.

Ukishaipata CP13, fanya majaribio siku ileile. Chukua kanda ya kiwandani yenye wimbo ambao unao pia kwenye simu. Anzisha vyote viwili pamoja. Wimbo wa dakika 3 ukiisha sekunde 2 mapema kwenye kanda, mashine inakimbia kwa asilimia 1.1, na hilo linavumilika. Ukifika sekunde 5 au zaidi, irudishe. Kisha vaa hedifoni, sikiliza kama mwimbaji yuko katikati ya kichwa au ameegemea upande mmoja, geuza hedifoni kulia kushoto kuhakikisha si masikio yako. Bonyeza cheza bila kanda, upandishe sauti: mchakacho laini ni halali, mlio wa mota unaopanda na kushuka si halali. Mwisho cheza kanda ya dakika 90 ikiwa imebakiza dakika 5 kuisha, hapo ndipo mota dhaifu hujisema. Ukimaliza bonyeza simama kabla hujazima chochote. Raba ikiachwa imebana kapstani usiku kucha inapata bonde, na kuanzia hapo kila mzunguko wake utasikia tu, tu, tu.